Simu Iliyoegemea Chupa ya Chai

Ndugu zangu wako Nairobi na Mombasa, mimi niko Kasikeu na mama. Tangu apooze upande mmoja, kazi yangu ni kumtunza, na kumpiga video nitume kwenye grupu ya familia. Kumtunza hakuna aliyenifundisha. Kwa video ndio kila mtu ni fundi. "Lalisha simu." "Usisimame ukiangalia jua." "Mbona mkono unatetemeka, kwani una baridi?" Na anayeuliza hivyo, haki ya Mungu, ni kaka yangu mkubwa, ambaye hajawahi kumgeuza mama kitandani hata siku moja.

Na mama naye! Akisikia ni video lazima avalishwe nguo ya kanisani, afungwe kitambaa kichwani, uwanja ufagiliwe wote. Kwake mgeni haonyeshwi shida, na simu ni mgeni. Anakazana kukaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho, anasalimia watoto wake, anawaombea. Nikizima tu, analalia upande, mate yanamtoka. Hayo hawayaoni. Wanaona mama amenawiri, wanatuma makofi. Kadiri nilivyojua kupiga video, ndivyo walivyozidi kutokuja.

Kisha nikapata kazi Kiboko, kwenye mashamba ya kufanyia mbegu utafiti. Nianze Jumatatu. Nikaandika kwenye grupu: nani atakuja kukaa na mama? Mwishowe dada yangu akajibu, "Lakini mama si yuko sawa? Si tunamwona?" Wee! Nilitaka kuitupa hiyo simu chooni.

Asubuhi iliyofuata sikufagia. Nilimwambia mama leo wataona vile tunaishi. Akanung'unika, lakini hakukataa. Nikamfunika leso vizuri, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikaiwasha. Ikachukua yote: namwinua mama amenining'inia shingoni, mgongo wangu unagoma katikati, uji unamwagika, mama ananifokea kwamba namuumiza. Halafu mimi nimeketi sakafuni nalia, namwambia, "Mama, nimechoka. Hata mimi nataka kwenda." Nikatuma bila kukata chochote. Nikakaa na simu mkononi, nikingoja.

Kaka ndiye aliyejibu kwanza. "Sasa hapo umejua. Picha imetulia, sauti safi kabisa. Usirudi tena kushika kwa mkono." Dada akatuma makofi.

Jumatatu sikwenda Kiboko; nilifagia uwanja. Nilipokuwa namfunga mama kitambaa, aliniuliza kama watoto waliona.

"Waliona, mama."

"Wakasema wanakuja lini?"

"Walisema picha imetulia," nikamjibu, nikaenda kuleta chupa ya chai.