Nilijibu "Ndiyo, kwa Yote"

Kosa ni langu, niseme kabla hamjaniuliza. Miaka yote nimewaacha watu waamini kwamba ni umeme uliofanya vile. Umeme, maskini, hauna mdomo wa kujitetea.

Mimi ni mtu wa nyumba. Kisangani nzima ingehamia uwanja wa Simi-Simi kuangalia ndege, ningebaki kwenye kiti changu na sahani ya pondu, majani yangu ya muhogo. Nina diplome ya sekondari tu, lakini wakati ule wa vita, baada ya zile siku sita za mabomu, aliyeweza kuwasha kompyuta bila kupiga ishara ya msalaba aliitwa fundi. Ndivyo nilivyopata kazi mtaa wa Makiso, kwenye ofisi iliyowatafuta watu waliopotezana na jamaa zao.

Tulikuwa na kompyuta tisa. Zilishika majina: nani anatafuta nani, nani kaonekana wapi. Jumamosi moja ikaletwa programu mpya. Kuifunga, yaani kuisakinisha, kwenye mashine moja kulikula saa nzima, maana iliuliza maswali kama mama mkwe. Mara tisa? Mimi, nikose chakula cha moto?

Nikatengeneza kifurushi. Programu pamoja na majibu ya maswali yake yote nikaviweka kwenye kompyuta kubwa iliyounganishwa na zile tisa. Mtu akiwasha mashine yake asubuhi, programu inajifunga yenyewe, kimya. Swali moja lilisema: faili hili lipo tayari, nilibadilishe? Nikajibu mapema: ndiyo, kwa yote. Nilijiona mjanja kuliko sungura!

Nilisahau kwamba ndani ya kifurushi imebaki orodha yangu ya majaribio, faili lenye jina lile lile la orodha ya kweli. Ilikuwa na mtu mmoja tu, jina langu. "Alipotelea kati ya kitanda na sahani. Anatafutwa na mama yake." Nilicheka peke yangu nilipoiandika.

Kabla ya yote nilipaswa kunakili majina kwenye disketi. Nikasema nitafanya siku nyingine.

Jumamosi ile Mama Antho, aliyekuwa akiingiza majina, alimaliza karatasi zilizokuja kwa boti kutoka vituo vinne vya mtoni, Barumbu kikiwemo. Aliniambia ameona humo Zawadi mmoja. Jumatatu atamlinganisha na yule wa Mama Feza. Huyo Mama Feza, mtu wa Maniema, alikuja kila Jumatatu kumwulizia mdogo wake, waliyepotezana naye wakikimbia mabomu.

Jumatatu nilipofika, mashine zote tisa zilikuwa zimewashwa. Kila moja ilionyesha mtu mmoja aliyepotea. Mimi!

Mama Antho alibonyeza, akabonyeza. Hakukumbuka Zawadi alikuwa kwenye orodha ya kituo gani. Nikakimbilia karatasi. Ole wangu! Ni mimi niliyewatania wenye kutunza karatasi, na kila iliyokwisha kuingizwa nikampa mama wa karanga pale getini afungie karanga zake. Jumapili, watu wakitoka misa, aliuza vizuri. Orodha zilikuwa zimekunjwa, karanga zimeliwa, karatasi zimetupwa.

Bosi aliponiuliza, nilisema umeme ulikatika katikati ya kazi ukachanganya mafaili. Aliniamini. Fundi ndiye mimi, nani angenipinga?

Mama Feza akaingia, kitambaa chake cha Jumatatu kichwani.

"Papa fundi, wamenielezea jina ya Zawadi iko mule ndani."

"Courant ilikula majina, mama," nikausingizia umeme tena.

Akaiangalia mashine, akaniangalia mimi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Bon, sawa. Courant itayarudisha lini?"

Nikainama kufuta vumbi kwenye mashine, mimi niliyejibu maswali yote kabla hayajaulizwa.

Alirudi Jumatatu tatu. Ya nne hakuja. Mama Antho alisikia kwamba amepanda boti, anateremka na mto, kituo kwa kituo, akiuliza kwa mdomo wake. Wakati ule mto ulikuwa na askari wa kila upande. Sijui alifika wapi. Hakuna aliyemwona tena getini kwetu.

Tangu siku hizo mtu wa nyumba amekuwa mtu wa njia. Nanunua karanga kila soko. Mke wangu ananitania kwamba nitaota mkia wa nyani. Siwezi kumwambia kwamba karanga nampa yeyote aliye karibu. Mimi nakunjua karatasi. Nimekuta mitihani ya hesabu, matangazo ya ndoa, barua za mapenzi. Na mara moja, mwandiko wa kalamu nyekundu: "Barumbu," mistari, halafu mafuta ya karanga yamekula majina. Ninayo mpaka leo, chini ya godoro langu.

Ninyi mnaofunga programu kwenye mashine za watu, nawasihi! Nakilini kwanza. Tunzeni karatasi. Na pale mashine inapouliza kama mna hakika, iacheni iulize, hata chakula kikipoa. Mimi changu nilikikuta cha moto siku ile. Mpaka leo kila nikikaa mezani nasikia Mama Feza akiuliza lini.