Helmeti Inayokula Nywele

Mtaani kwetu, chini ya kilima cha Mbuya, watoto wote tulijua kwamba helmeti ya fundi hula nywele, na ikizimaliza huanza ubongo. Mimi niliamini kuliko Kampala nzima, maana ushahidi nilikuwa nao nyumbani. Baba alikuwa mwashi, na kichwa chake kiling'aa hadi ndege za Entebbe zingeweza kutua kwa mwanga wake.

Leo nimeazimwa helmeti nipite kwenye jengo moja linalojengwa. Ndani inanuka jasho, saruji na plastiki iliyopigwa jua. Ndiyo harufu ya asubuhi ile nilipoificha helmeti ya baba kwenye gunia la makaa.

Baba alipekua chumba chetu mpaka mende wakahama. "Basi, nitapanda jukwaa la ujenzi hivi hivi," akasema, akijifunga kitambaa kichwani. Nikajiona nimemwokoa.

Mama akaingiza mkono kwenye gunia atoe makaa ya chai, akaibuka na helmeti. "Nani huyu anataka nimzike mume wangu?"

"Inamla, mama! Nywele zimekwisha, sasa ni zamu ya ubongo!"

Mama alicheka mpaka akakalia jerikeni. Baba hakucheka. Aliifuta vumbi, akashika kidole changu na kukipitisha juu yake, penye mkwaruzo mrefu.

"Mwanangu, upara nimerithi kwa babu yako. Hapa ndipo lilipopiga tofali juzi, kutoka ghorofa ya tatu. Bila helmeti hii, lingenipasua kichwa."