Kifuniko cha Namelok

Enzi za Mwingereza, fundi Tarlochan alilichukia gari moja tu pale Arusha: la Lerionka. Lilikuwa gari dogo lililotiwa injini ya lori, na kila lilipopanda mlima kwenda Ngaramtoni, lilizimika. Fundi aliifungua pampu ya petroli mpaka mikono ikachoka, hakuona kosa.

Mwishowe akapanda garini pamoja na Lerionka. Lilipozimika, akafungua tangi kwa hasira. Kifuniko kikavuta pumzi: fyuuu! Cha zamani kilikuwa kimepotea, basi Namelok, mke wa Lerionka, alikuwa ameshona kingine cha ngozi, kikabana kama cha kibuyu cha maziwa. Hewa haikuwa na pa kuingia, kwa hiyo mlimani, injini ya lori ilipotaka petroli nyingi, pampu ilivuta na petroli haikuja.

Tarlochan akachukua msumari. Akakitoboa kifuniko, na gari likapanda bila kukohoa.

Wiki iliyofuata likarudi likikokotwa na maksai. Tundu lilikuwa limezibwa kwa nta, vizuri kabisa.

“Fundi,” alisema Lerionka kwa upole, “Namelok anaomba umsamehe. Hakujua kifuniko chake kilikuwa kimetoboka.”