Tenki Chini ya Udongo Laini

Veronika Ambrose alimzika mumewe, Jovin, Jumamosi ya tarehe 12 Julai 2025, kwenye migomba yao katika kata ya Nyabiyonza, wilayani Karagwe. Matanga yalipoisha alirudi kazini. Ni mpishi wa shule ya sekondari ya bweni, na jiko analopikia liko hatua chache kutoka mahali Jovin alipoungua.

"Ningekaa nyumbani nifanye nini?" anauliza, huku akimenya ndizi. Hangoji jibu.

Mwaka 2023, baada ya taasisi zinazolisha watu wengi kutakiwa kuachana na kuni, shule ilifukia tenki la gesi nyuma ya jiko. Juu palibaki mfuniko wa chuma, uzio wa miti na nguzo ya onyo. Tenki la namna hiyo hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Hakuna aliyekuja. Ofisi ya ukaguzi ina gari moja, na gari hilo hutoka pale tu fungu la mafuta linapopatikana. Mchwa wakala uzio. Nguzo ikaanguka, mtu akaiokota akaenda kuchochea moto.

Jovin alikuwa mlinzi wa shule hiyo. Binti yao, Evelyn, alikuwa amechumbiwa, na mchumba hapokelewi bila rubisi, pombe ya ndizi. Ndizi za pombe haziachwi ziive mgombani. Hukatwa mbichi, linachimbwa shimo, linapashwa joto kwa moto wa majani makavu ya migomba, kisha ndizi hupangwa ndani na kufukiwa. Julai ardhi ya kwao ni ngumu kama tofali. Nyuma ya jiko la shule, pale palipochimbwa kufukia tenki, udongo ulikuwa laini, na hapakuwa tena na uzio wala onyo la kumzuia.

"Aliniambia, Mama Evelyn, kule jembe linazama kama kijiko kwenye uji," anasema Veronika. "Alifurahi."

Jovin alisikia harufu mbaya pia. Alidhani panya amefia humo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama shimoni. Jovin alitupa majani makavu ndani, akainama, akawasha.

Shule ilifunga gesi, ikarudia kuni hadi likizo ya Desemba. Sasa, Januari, inataka kuwasha tena, na hairuhusiwi bila mkaguzi. Mkaguzi hana mafuta. Shule ikatuma gari lake Bukoba kumchukua.

Alifika Alhamisi mchana, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, kijana anayeitwa Kashaija, akamsalimu Veronika kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Veronika akampakulia ndizi na maharage. Mpishi mwenzake, Adventina, akachungulia sahani.

"Muongezee nyama, Mama Evelyn. Mkaguzi mwenye njaa huona matundu mengi!"

Walicheka, hata Kashaija mwenyewe. Veronika aliongeza nyama.

Baada ya kula, Kashaija alizunguka uzio mpya, akatikisa nguzo mpya, akafunua mfuniko, akainama na kunusa. Veronika alisimama nyuma yake, mikono ikiwa na utomvu wa ndizi.

"Mwanangu, linavuja au halivuji?"

Kashaija alimtazama mkuu wa shule, Mwalimu Rogasian, kisha akamrudia mama.

"Kipimo kipo kimoja kanda nzima, mama. Kiko Mwanza. Tumeomba fedha za kukileta."

"Kwa hiyo?"

"Uzio nimeuona. Nguzo nimeiona. Harufu sikusikia."

"Jovin aliisikia," akasema Veronika.

"Mama Evelyn, mwache mgeni amalize," akasema Mwalimu Rogasian. "Gari linamsubiri."

Kashaija aliandika kwamba mazingira ya tenki yanaridhisha, na kwamba uvujaji utapimwa fedha zitakapopatikana. Mwalimu Rogasian alisoma hadi kwenye "yanaridhisha", akakunja karatasi.

"Tunawasha," akasema.

Akielekea kwenye gari la shule, Kashaija hakujitetea sana. "Nikiwakatalia, mwakani hawatanifuata. Na wasiponifuata, sina cha kunifikisha huku."

Evelyn aliolewa Oktoba iliyopita. Wageni walikunywa soda. Veronika anakumbuka kwamba zilitosha. Mengine ya siku hiyo hayakumbuki vizuri.

Adventina amemshauri aache kazi, akalime kahawa yake. Veronika amelifikiria hilo bila haraka, kama anavyofikiria kila kitu siku hizi.

"Nikiondoka, atawasha yeye," anasema. "Naye ana mtoto ananyonya."

Shule inafunguliwa Jumanne. Alfajiri, kabla wanafunzi hawajaamka, Veronika atafungua milango yote miwili ya jiko, atamtoa Adventina nje, kisha atawasha kiberiti.