Mume na Mke wa Kwenye Runinga ya Bi Zuhura

Chumba cha Bi Zuhura kilinukia udi na mafuta ya mahamri, na chini ya harufu hizo mbili kulikuwa na ya tatu, ya viatu vyetu. Tulivivua mlangoni, jozi kumi na kitu, vimelowa matope ya mtaa wetu wa Ziwani, tukakanyaga mkeka kwa adabu kana kwamba tumeingia msikitini. Bi Zuhura alikuwa mjane, Mswahili wa Majengo aliyehamia Ziwani alipoolewa, na katika mstari wetu wote wa nyumba ndiye peke yake aliyekuwa na runinga. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na eriali yake ilikuwa waya wa kutundikia nguo. Sharti lake lilikuwa moja tu: anayeingia aje na kitu cha chai. Huyu alileta sukari iliyofungwa kwa gazeti, yule majani, mama yangu maziwa nusu pakiti. Mimi sikuleta kitu, na bado nililishwa mahamri mawili kila jioni, maana mimi ndimi niliyekuwa mkalimani.

Nieleze. Ilikuwa miaka ya tisini, nami niko darasa la saba. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu jioni, kulikuwa na mchezo mmoja uliotoka nchi za mbali. Midomo ya waigizaji ilisema lugha ya kwao, sauti ikatoka kwa Kiingereza, na kina mama wa mstari wetu hawakuwa na Kiingereza zaidi ya cha kuombea kazi. Basi niliketi kwenye kigoda kando ya kabati, na kila mtu kwenye runinga akimaliza kusema, nami nasema kwa Kiswahili. Nikichelewa kidogo nafokewa. "We Nasimiyu, wamesema nini? Ama umemeza?" Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na watu wazima kumi walikuwa wakiutazama mdomo wangu. Acha nikwambie, hakuna sifa niliyowahi kupata tangu siku hizo iliyonifurahisha vile.

Mume aliitwa Anselmo, mke Graciela, ingawa Bi Zuhura alimwita Garasela mpaka mwisho na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Michezo mingine yote niliyoitazama baadaye ilikwenda miezi ikitafuta harusi, harusi ikifika mchezo umekwisha. Huu ulianza watu wameshaoana. Siku ya kwanza kabisa tuliwakuta mezani wakibishana kuhusu chumvi. Anselmo alikuwa fundi wa reli, mrefu, ana masharubu. Graciela alioka mikate nyumbani akauza dirishani. Kila jioni Anselmo alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, mara tatu, na ufunguo anao mfukoni. Graciela aliposikia alijifuta unga mikononi, akauliza "Nani?" na anajua vizuri ni nani, naye Anselmo akamtajia jina la uongo, leo tarishi, kesho mfalme. Kina mama walikuwa hoi kwa kicheko. "Mwanamume wa kubisha hodi kwake!" Bi Zuhura alisema. "Wangu alikuwa akikohoa tu, nasi tunajipanga."

Lakini kilichoniua mimi ni kitu kidogo zaidi. Wakiketi kula, Anselmo alimwuliza mkewe, umeshindaje? Kisha alingoja jibu. Aliweka kijiko chini akangoja, na Graciela akamweleza habari za jirani, za unga uliopanda bei, za mtoto wao aliyekataa kuoga, na yeye akasikiliza yote. Sikuwa nimewahi kuona mwanamume akisikiliza namna hiyo. Nilipenda pia jinsi walivyogombana, kwa sauti za juu, halafu mmoja anacheka kabla ya mwingine na ugomvi unakufa hapo hapo. Nilipolala nilijaribu kumpa baba masharubu ya Anselmo, nikashindwa. Mama naye alikuwa akiketi nyuma kabisa karibu na mlango, mdogo wangu Nekesa mapajani, na hakuuliza maswali kama wengine. Alitabasamu tu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma.

Maana baba alikuwa akimpiga. Nitalisema hivyo hivyo. Baba alikuwa akifanya kazi kiwanda cha mablanketi, na mwanzoni mwa mwaka ule walipunguzwa watu, yeye akiwamo. Alianza kunywa mchana, na akirudi lazima apate kosa: ugali umepoa, ugali ni moto, mlango umefungwa kwa nini. Mama alishona mikanda ya ngozi kwenye viondo, vile vikapu vya kufuma, pale soko la Kariokor, kazi ya mikono ya haraka, na mikono yake ilikuwa na haraka kweli, ndiyo iliyotulisha. Mwezi wa sita mjomba, kaka yake mama, akatuma maneno kutoka Bungoma kwa mtu wa basi: chumba kipo, shamba lipo, njoo na watoto kabla hujaletwa kwa jeneza. Nilikuwa nikiosha vikombe nilipomsikia mama akimwambia Bi Zuhura kwa sauti ya chini, "Shule zikifungwa mwezi wa nane, nakwenda. Nimeshaanza kufunga nguo." Bi Zuhura akajibu, "Nenda mwanangu. Nenda wala usigeuke."

Vikombe vile niliviosha mara mbili. Nikisema sikutaka kuhama kwa sababu nilikuwa nikimpenda baba nitakuwa nimesema nusu ya ukweli, na kweli nilimpenda. Kabla ya kufutwa kazi alikuwa akinibeba mabegani mpaka uwanjani. Nusu ya pili inaniaibisha hadi leo: huko Bungoma kwa mjomba hakukuwa na runinga. Huko ningekuwa msichana wa kuchota maji tu, na hakuna mtu angengoja niseme nini.

Sasa mchezo nao ukageuka. Anselmo alisimamishwa kazi reli, akaanza kucheza kamari, na jioni moja alimpiga Graciela kofi. Chumbani hata anayetafuna aliacha. Hapo hapakuhitaji mkalimani. Siku chache baadaye Graciela alisimama mlangoni na koti, mtoto mkono mmoja, sanduku mkono wa pili, akasema maneno ambayo ninayakumbuka kwa Kiingereza chake neno kwa neno. Alisema: Siondoki kwa sababu sikupendi. Naondoka kwa sababu nataka kuwa hai mtoto huyu akikua. Usinifuate.

Halafu nikasikia sauti kutoka nyuma, sauti ambayo haikuwahi kuuliza kitu katika chumba kile. "Nasimiyu," mama alisema, "anasema nini?"

Nilimtazama. Alikuwa amejiinua kidogo, Nekesa amemkumbatia kifuani, shingo ameinyoosha apate kuona. Nikajua kabisa, ingawa nilikuwa mtoto, kwamba jibu langu ndilo atakalolifanya.

"Anasema anaenda kumsalimia mama yake," nilisema. "Anasema ameshamsamehe. Atarudi."

"Sanduku lote hilo la kusalimia?" Bi Zuhura aliuliza.

"Ni zawadi," nikasema.

Uongo ukishauanza unakufanya punda wake. Kwa wiki tano nilidanganya kila jioni. Graciela alifungua duka la mikate mji mwingine, nikasema anamwuguza mama yake na anauza mikate apate dawa. Alicheka na wanawake wenzake dukani, kicheko cha mtu aliyelala usingizi mzuri, nikasema wanacheka kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Anselmo aliketi peke yake mezani akilia, nikasema anamwombea mkwewe. "Maskini, ana moyo mzuri," muuza samaki wa mlango wa tatu alisema, akapangusa macho. Nilijiona hodari. Ebu fikiria, hodari!

Jioni ya mwisho Anselmo alimfuata. Alisimama kwenye ngazi za duka, kofia mkononi, akabisha mara tatu. Graciela alisimama upande wa ndani, kiganja chake juu ya mlango, machozi yakimtoka, na hakufungua. Hakuuliza nani. Alimwambia, nenda salama, Anselmo, na Anselmo akashuka ngazi akaenda stesheni. Treni iliondoka na moshi ukajaa kioo chote, mchezo ukaisha. Mimi nilisema: "Anamwambia ningoje nivae viatu, nakuja." Na treni ilipopita nikapiga kelele, "Yule pale dirishani! Mwenye kitambaa! Hamkumwona?" Picha yetu ilikuwa na chenga siku zote. Mmoja akasema amemwona. Wa pili akasema amemwona pamoja na mtoto. Muuza samaki akapiga vigelegele, na wote wakafuata, na mama yangu akalia kwa sauti akiwa amemkumbatia Nekesa.

Kesho yake nilitoka shule nikakuta mfuko wa mama wa safari uliokuwa chini ya kitanda umefunguliwa na nguo zimerudishwa kwenye kasha. Bi Zuhura alikuja kusimama mlangoni petu. "Mama Nasimiyu, ule ni mchezo tu," alimwambia. "Wanalipwa wale." Mama akamjibu, bila ukali, "Bi Zuhura, kama yule mwenye duka amerudi, mimi ni nani? Mwanamume hubadilika. Si umeona?" Bi Zuhura alinitazama mimi, akanitazama kitambo, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo sikupewa hamri hata moja, na sikuuliza sababu.

Baba hakubadilika. Kabla ya Krismasi ile alimvunja mama mkono wa kulia kwenye kiwiko, kwa mguu wa kiti. Ulifungwa plasta, ukapona vibaya, na haukunyooka tena. Kariokor walimvumilia wiki mbili, wakampa kazi yake msichana mwingine. Mjomba alituma maneno mara moja tena, halafu mwanawe wa kiume akaoa na kile chumba kikapata mwenyewe. Mama alikaa na baba miaka kumi na tisa mingine, akampikia na kumfulia kwa mkono wa kushoto, na alipougua ini akamwogesha kwa mkono huo huo mpaka alipofariki. Watu matangani walimsifu sana. Kila sifa waliyotoa nilitamani ardhi inimeze.

Leo mama anaishi nami Umoja, vyumba viwili, runinga ya rangi ukutani na haitazami sana. Mie nina watoto wawili wanaojua Kiingereza kuliko nilivyojua, na hakuna anayewahitaji wamtafsirie mtu. Kila mchezo sasa unasema Kiswahili wenyewe. Bi Zuhura alishakufa. Nyumba zetu za Ziwani bado zimesimama, ila sijui wanaokaa humo wanatazama nini. Nilidhani mambo yale yamekwisha, yamebaki kuwa dhambi yangu tu ya kufa nayo.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya kanisa, Nekesa alibisha mlangoni. Alikuja na mtoto wake wa miaka mitatu na mfuko, jicho moja limefumba kwa kipigo cha mumewe. Nilimweka kwenye kiti, nikaweka maji jikoni. Mama alimshika kichwa, akalia naye, na alipomaliza kulia akaanza kumsimulia. Mwanangu, kulikuwa na mke na mume, ulikuwa mtoto mapajani mwangu. Mume alimpiga. Mke akaenda kwao kidogo, moyo upoe. Akamsamehe. Nao wakapanda treni pamoja.

"Mama, hakurudi," nilisema. Niliacha chai ikichemka nikaja nikapiga magoti mbele yake. Nilimwambia yote: maneno ya mlangoni, sanduku, duka la mikate, mlango ambao haukufunguliwa. Nilimwambia nilidanganya kwa sababu sikutaka kuhama. Nililia sana. Nilitaka anipige, anilaani, chochote.

Mama alinipapasa shavu kwa mkono wake uliopinda, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Ulikuwa mdogo, umesahau," alisema. "Alirudi. Alikuwa dirishani, amefunga kitambaa cheupe, mtoto yuko hapa kifuani. Nilimwona kwa macho yangu haya." Kisha akamgeukia Nekesa. "Kunywa chai, mama. Halafu urudi kabla giza halijaingia."

Nekesa alinywa chai. Nilimshika mkono, nikamwambia akae, nikasimama mlangoni kumzuia, na yeye akanipita taratibu bila hata kukasirika. Mama alimsindikiza mpaka steji ya matatu, na mfuko aliubeba yeye.