Simu Moja, Akina Mama Sita

Vuuu, kisha kimya, kisha tiki-tiki-tiki. Mlio huo bado ninao masikioni: seva yetu ikizimika na kuamka tena ndani ya kabati la ofisi, Kilimani. Niliajiriwa kupika chai, lakini moyo wangu ulikuwa kabatini. Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nilijifunza kwa simu, nyumbani Uthiru, nikijiona injinia tayari.

Seva hiyo iliendesha programu ya kuagizia matumbo kwenye kichinjio kimoja cha Dagoretti. Watu wasiojulikana wakaanza kujaribu kuingia kwa akaunti za wateja. Bosi akaniita.

"Wewe si unapenda kompyuta? Kaza usalama. Ukiweza, chai atapika mwingine. Ukiharibu, sufuria yako iko pale pale."

Nilinakili mipangilio ya zamani kwenye daftari, kama bosi alivyonifundisha, kisha nikaongeza sheria yangu mwenyewe: simu moja, mteja mmoja. Ikijaribu kuingiza wa pili, ifungiwe. Nikaizima seva, nikaiwasha. Vuuu. Nikaenda nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Kesho yake simu ya ofisi ililia kabla sijavua koti.

"Ni wewe umetufungia nje?" Sauti ya mama. "Kompyuta yenu inasema mimi si mimi!"

Mwingine nyuma yake akapaza sauti: "Muulize kama matumbo yatajiagiza yenyewe!"

Kumbe wachuuzi sita wa matumbo walikuwa na simu moja, ya huyo mama. Mmoja akishaagiza, anampa mwenzake. Na matumbo kichinjioni yalikuwa yanaisha. Wakichelewa, siku hiyo hawana cha kuuza.

"Rudisha ya zamani," bosi akasema. "Daftari si unalo?"

Nilikuwa nalo. Lakini ningewarudishia pia wale wezi mlango, na mimi ningerudi jikoni.

"Nipe dakika kumi tu, bosi." Nikamrudia mama kwenye simu. "Mum, kila mmoja ana namba yake ya siri?"

"Siri gani? Zote ni mwaka niliozaliwa mimi."

Nilijizuia kucheka. "Sasa kila mtu achague yake, na asimwonyeshe mwenzake."

"Hata huyu? Huyu amenilelea watoto!"

"Hata huyo, mum."

Nikairuhusu simu yake iingize watu sita, basi, kila mmoja kwa namba yake. Ukikosea mara tatu, akaunti yako peke yako inafungwa. Nikawasha upya. Vuuu. Kimya kile kilikuwa kirefu! Kisha nikaona kwenye skrini mmoja ameingia, wa pili, hadi wa sita.

"Kasichana, tumeagiza!" mama akapiga kelele. "Na yangu siwaambii!"

Bosi aliinuka. Alienda jikoni, nikasikia akitafuta majani ya chai kwenye kabati ambamo sikuwahi kuyaweka.

Nikabaki peke yangu. Nikafungua daftari, nikapiga mstari juu ya sheria yangu ya jana, na chini yake nikaandika ile mpya, polepole, kwa mwandiko wangu mzuri.