Winchi Chumbani mwa Mama

Baba alipofariki, Mama alikaa eda katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Kariakoo, na sisi wanawe tukaingiza kompyuta humo humo. Nalisema hivi hivi kwa sababu sioni namna ya kulipamba. Mwanamume wa nje hakanyagi chumba cha mwanamke aliyekaa eda, hata awe balozi wa nyumba kumi, na sisi tulikuwa na kitu ambacho hatukutaka mtu wa nje akione.

Aliyekileta ni shemeji yetu, mume wa dada yetu mkubwa, baharia. Siku hizo mtu haleti kompyuta nchini bila kibali, wala televisheni, na kibali hicho hakikuwa cha watu kama sisi. Shemeji alivipitisha anakojua mwenyewe, na sisi hatukumuuliza. Kompyuta ilikuwa ndogo, ubao wa taipureta usio na mahali pa karatasi, inayochomekwa kwenye televisheni ndogo. Pamoja nayo kulikuwa na kijiti cha kuchezea, kimesimama juu ya kikasha cheusi, na waya mrefu mkiani. Sisi tulikiita gia.

Haikuwa ya starehe. Kaka yangu alikuwa mwendesha winchi bandarini, na miezi michache kabla ya msiba alianguka na baiskeli kwenye reli za Gerezani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Plasta ilipotolewa, vidole havikutaka kukunjuka. Hospitali walimwambia akamue mpira, akaukamua mpaka ukachanika, na bado mkono ulikuwa ukiganda katikati ya kazi. Wakubwa wake wakampa nafasi moja: apande winchi wamjaribu. Akishindwa, watamtafutia kazi ya kufungua geti. Mshahara wa geti na wa winchi si ndugu, na Baba alikuwa ameshaondoka. Nyumba nzima ilikuwa imening'inia kwenye kile kifundo.

"Mkono wa gia haufundishwi kwa mpira," Shemeji alisema. "Unafundishwa kwa gia."

Mimi nilikuwa nikiunganisha redio kiwandani, kwa hiyo kila chenye waya kilikuwa changu. Siku ya kwanza nilipandwa na kiherehere, nikachomeka gia huku kompyuta inawaka. Picha ikazimika. Kaka akanitazama kama niliyemuua mtu. Nikazima kila kitu, nikachomeka kwanza, ndipo nikawasha, kisha tukaanza upya kuiingizia kompyuta mchezo uliorekodiwa kwenye kaseti, na ile kaseti ikapiga kelele za paka aliyebanwa mlango. Mama alikuwa juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Akaziba masikio.

"Eda yangu mmeifanya stoo," alisema. "Sasa mnaifanya na banda la wanyama."

Mchezo wenyewe ulikuwa na kidude chenye miguu kinachotakiwa kutua polepole juu ya kilima. Kikigonga kinapasuka. Kaka akashika gia, akavuta kuja kwake ili kipande, kikashuka kikapasuka. Akavuta tena, kikapasuka tena. Kwenye winchi, aliniambia, ukivuta gia kuja kifuani mzigo unapanda, ukisukuma unashuka. Hii ilikuwa kinyume.

"Basi izoee," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka, tena nina njaa.

"Niizoee? Mdogo wangu, mkono ukizoea kinyume, siku ile nitamteremshia mtu tani nzima kichwani. Na mimi nitakuwa nimeapa kwamba napandisha."

Akakiweka kijiti chini. Nilijua maana yake. Ilibidi nikifungue kikasha, nikate waya wa kupandisha na wa kushusha, niuweke kila mmoja mahali pa mwenzake. Gia ilikuwa moja tu. Nikiiunguza, Kariakoo yote hakuna duka la kununua nyingine, na ukiuliza tu umeshajitangaza.

Niliazima kazini pasi ya kuchomea risasi, ile ya kuunganishia waya, nikakaa dirishani pazia likiwa limeshushwa. Ndani ya kikasha waya zilikuwa nyembamba kama nyuzi za kushonea, na rangi zake hazikunieleza chochote. Ilibidi nijaribu mmoja mmoja kwa betri na balbu ya tochi mpaka nikajua upi ni upi. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni. Nikamwambia kama hana kazi akafue. Nilipogusisha pasi, plastiki ikatoa moshi, harufu ikajaa chumba, na Mama akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Kweli niliogopa, kuliko nilivyowahi kuogopa kitu kazini.

Nilipofunga kikasha sikuthubutu kushika mwenyewe. Kaka akavuta. Kidude kikapanda.

Kuanzia siku hiyo kila nikirudi kutoka kazini nilimkuta kwenye kigoda mbele ya kitanda cha Mama. Anavuta, anaachia, anasukuma kidogo, anaachia. Mwanzoni vidole vilikuwa vikiganda juu ya kijiti, ikabidi nivibandue kimoja kimoja. Kisha vikaanza kuachia vyenyewe. Kile kidude kikaanza kutua.

Ndipo msako wa walanguzi ukafika mtaani kwetu. Ulikuwa umeanzia mbali, tunausikia kwa habari: fulani amechukuliwa na magunia ya sukari, fulani na sabuni. Ilala tuliambiwa watu wanamwaga vitu mitaroni kwa hofu, hata mtu mwenye vitenge viwili anaviona vimezidi. Mama akasema tuipeleke kompyuta Magogoni tukaitose baharini. Kaka akasema majaribio ni keshokutwa. Wakabishana kwa kunong'ona, jambo baya kuliko kupigiana kelele, maana mwenye kunong'ona hachoki. Mimi nilikuwa upande wa Kaka, na nilikuwa upande wa Mama, ikategemea nani anasema.

Walikuja alasiri ile ile. Nilisikia viatu ukumbini, kisha sauti ya balozi wetu, mzee mwenye heshima zake, akiwaambia mgambo: "Chumba hiki kina mjane, yumo edani. Wanaume hatuingii."

Ndani, televisheni ilikuwa inawaka. Kaka alikuwa katikati ya kutua.

"Sawa mzee," sauti nyingine ikajibu. "Tuna dada huku. Ataingia yeye."

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Akili zetu zote tulikuwa tumezijenga juu ya wanaume.

Akaingia msichana wa mgambo, sare imembana mabegani, kamba ya filimbi shingoni. Akafunga mlango nyuma yake kwa adabu.

"Shikamoo Mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

Akainama akaangalia chini ya kitanda. Akafungua kabati. Kisha akageukia ile televisheni, akamwona Kaka na gia mapajani, na waya uliotoka kwenye gia kwenda kwenye kompyuta. Akanyoosha kidole.

"Hiki nini?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri, wa kifaa cha hospitali. Mama akanitangulia.

"Ni kompyuta," alisema. "Haina kibali. Mwanangu mkono umekufa na ni dereva wa winchi, anajifunzia hapo. Keshokutwa anapimwa. Akishindwa hatuna kula. Nimemaliza, fanya kazi yako."

Nilimchukia Mama dakika ile. Nilimchukia hasa.

Msichana akasogea. "Hebu nione."

Kaka akavuta, kidude kikapanda. Akasukuma kidogo, kikashuka. Jasho lilikuwa linamtiririka mashavuni. Kilipofika karibu na kilima mkono ukaganda. Nikaona vidole vinakuwa vyeupe. Msichana naye aliviona. Sikusogea kumbandua. Kisha kidole kimoja kikaachia, na cha pili, na kidude kikatua bila kupasuka.

Msichana akageuza uso mlangoni akapaza sauti: "Hamna sukari humu! Hamna sabuni wala khanga! Kuna mama na watoto wake, na mmoja anauguza mkono!"

Alichosema chote kilikuwa kweli. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu: "Kesho jioni wanapita wengine. Nao wana dada yao. Hiki kisiwepo."

Kesho yake Shemeji akaja na kikapu kikubwa cha dagaa, akaondoka nacho kizito zaidi, kompyuta, gia na televisheni vimo chini ya dagaa. Sijui alikipeleka wapi. Kaka alikaa kwenye kigoda kile kile, mikono mitupu, akifumba na kufumbua vidole.

Siku ya majaribio Mama hakuweza kutoka, kwa hiyo alinituma mimi. Nilisimama nje ya uzio pamoja na vibarua waliokuwa wakisubiri kuitwa, nikitazama winchi ambayo Kaka alikuwa amenielekeza. Kwa mbali sikuweza kumwona usoni. Niliona mzigo tu, marobota yamefungwa kamba, na chini yake watu wawili wenye kofia. Ukanyanyuka. Ukafika juu ukasimama, na ukaendelea kusimama, na wale wa chini wakatazamana. Nilijua mkono umeganda. Kibarua mmoja pembeni yangu akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nimeshikilia uzio kwa mikono yote miwili. Kisha marobota yakaanza kushuka, polepole, hata kamba haikuyumba.

Sikumngoja Kaka mpaka jioni. Alipopita karibu na geti alinipungia kwa mkono ule ule, akasema kwa sauti, "Jumatatu naanza!" nami nikakimbia hadi nyumbani kama mtoto, na umri wangu wote.

Nilipomwambia Mama, aliweka tasbihi juu ya mkeka. Akavuta ushungi mpaka usoni. Tangu siku ya maziko sikuwa nimemwona akitoa chozi, na majirani walikuwa wameshaanza kulisemea hilo.

"Haya," akasema. "Toka unifungie mlango. Sasa niacheni nimlilie mume wangu."